Chupa 24 za mbaazi, Wete: zilizovimba na zile zilizobaki nzima

Nyumba moja ya Wete, Pemba, yenye watu tisa, ilitaka kuingia Ramadhani na akiba ya mbaazi zilizokwisha kupikwa. Hoja ilikuwa na maana. Mbaazi kavu hutaka kulowekwa usiku kucha, kisha moto wa saa nzima na zaidi, na mwezi wa mfungo jiko la alasiri lina kazi nyengine nyingi. Zikiwa tayari ndani ya chupa, kazi ni kufungua, kutia tui na kupasha.

Zilinunuliwa kilo 4 za mbaazi kavu, zikakusanywa chupa 24 za kioo za nusu lita zilizowahi kuwa na jemu na mayonesi. Mbaazi zililowekwa, asubuhi zikachemshwa na kijiko cha magadi ili zilainike upesi. Chupa 16 zilitiwa mbaazi na maji yake na chumvi. Nane zilitiwa mbaazi zilizokwisha kuungwa kwa tui zito, kitunguu na bizari. Zote zilijazwa mpaka mdomoni, vifuniko vyake vile vile vya zamani vikakazwa kwa nguvu zote. Chupa zikapangwa ndani ya sufuria kubwa la shughuli, kitambaa chini yake, maji yakazifunika, zikachemka masaa matatu. Zilipotolewa zilipinduliwa kichwa chini mpaka zikapoa. Asubuhi vifuniko vyote vilikuwa vimezama katikati, na kila aliyebonyeza aliona havichezi. Siku ile ile, jiko lile lile, zilitengenezwa pia chupa 5 za achari ya embe mbichi. Vyote vikaingia kabati la stoo, chini ya bati.

Siku ya tisa kifuniko kimoja kilivimba. Mwisho wa wiki ya pili vilikuwa vinne, vitatu kati yake vya mbaazi za tui. Wiki ya nne ilipokwisha, chupa 11 zilikuwa zimeharibika: tano zimevuja ute pembeni mwa kifuniko, nne zimevimba, moja ilipasuka yenyewe usiku, na moja ilipofunguliwa ilirusha povu. Saba kati ya hizo 11 zilikuwa za tui. Achari zote tano zilikuwa salama.

Zilibaki chupa 13. Vifuniko vimezama, maji yake hayana ukungu, harufu ya nje hakuna. Hapo ndipo pana swali la kisa hiki, na mdogo wa mwenye jiko aliliuliza kwa maneno ambayo wengi wangeyatumia: "Dada, hizi zimechemka masaa matatu. Kuna mdudu gani wa kubaki hai humo?"

Yupo. Chupa zote 13 hazifai kuliwa, na kwa kipimo cha hatari ndizo za kuogopwa zaidi, kwa sababu zile 11 zimejitangaza na hizi hazikusema kitu.

Mdudu mwenyewe na ganda lake

Bakteria anayeitwa Clostridium botulinum anaishi udongoni, kwa hiyo hufika jikoni juu ya mbaazi, kunde, karoti, viazi, chochote kilichotoka shambani. Akiwa hai na laini, moto wa kawaida humuua haraka. Lakini mambo yakimwia magumu hujigeuza spora, yaani hujifungia ndani ya ganda gumu na kulala. Spora hizo zinavumilia maji yanayochemka. Mtu anakula nyingi tu katika maisha yake bila madhara, kwa sababu katika sahani yenye hewa na tumbo la mtu mzima haziamki.

Huamka zikipata mambo manne pamoja: hakuna hewa, unyevu upo, joto ni la wastani, na ukali wa ndimu au siki haupo. Chupa ya mbaazi iliyofungwa ndiyo nyumba hiyo hasa. Kuchemsha masaa matatu kumewaua washindani wote waliokuwa laini, kumeitoa hewa, na kifuniko kimeizuia isirudi. Stoo chini ya bati la Pemba, ambako mchana joto hupanda kupita nyuzi 30, iko karibu na joto analolipenda sana, nyuzi 35 hadi 37. Akiamka anazaana, na akizaana anatoa sumu ambayo kiasi kidogo mno chake hupooza misuli.

Ukali unapimwa kwa kipimo cha pH, ambacho namba ikiwa ndogo ukali ni mkubwa. Mpaka ni 4.6. Chini ya hapo spora haziamki. Mbaazi, kunde na maharage ziko karibu na 6, bamia na karoti vivyo hivyo, na tui la nazi pia. Nyumba hii ilisogea mbali zaidi na mpaka huo pale ilipotia magadi, kwa sababu magadi huua ukali na kuipandisha pH. Magadi hulainisha ganda la mbaazi kweli, ila pia huharibu vitamini B1, na katika chakula cha kufungia chupa hayana nafasi kabisa.

Kwa nini muda haukuokoa

Dhana ya kwamba moto mdogo wa muda mrefu ni sawa na moto mkali wa muda mfupi inafanya kazi kwenye kulainisha nyama. Kwa spora haifanyi hivyo. Katika nyuzi 121, kiwango cha viwandani ni dakika 3 kwenye kitovu cha chakula. Kila joto likishuka nyuzi 10, muda unaohitajika huzidi takriban mara kumi: nyuzi 111 huwa karibu nusu saa, nyuzi 101 karibu masaa matano, na nyuzi 100 hupita hapo. Masaa hayo huanza kuhesabiwa pale kitovu cha chupa kinapofika joto hilo, si pale maji ya sufuria yanapoanza kububujika. Kwa hiyo masaa matatu ya Wete hayakufika hata karibu. Asitokee mtu akasema basi tuchemshe masaa sita: hakuna kipimo kilichothibitishwa cha namna hiyo kwa chupa za nyumbani, kitovu cha mbaazi zilizosongamana huchelewa kupata moto kwa kiasi kisichojulikana bila vyombo, na mbaazi zenyewe zitakuwa uji.

Maji wazi, hapa pwani, hayapandi juu ya nyuzi 100 hata ukiongeza kuni hadi paa liungue. Njia ya kupita hapo ni kuubana mvuke. Kwa presha ya paundi 10 kwa inchi ya mraba juu ya ile ya kawaida, mvuke hufika kiasi cha nyuzi 116. Kwa paundi 15 hufika 121.

Kifuniko kilichozama

Hili lilidanganya nyumba nzima, na halikuwadanganya wao tu. Chupa ikiwa motoni, hewa na mvuke hutoka chini ya kifuniko. Ikipoa, mvuke uliobaki hugeuka maji, nafasi ya juu inabaki tupu, na hewa ya nje hukikandamiza kifuniko ndani. Kuzama kwake kunakuambia kitu kimoja tu: hewa haiingii. Hakukuambii kilichobaki ndani kimekufa au kimelala. Kwa mdudu asiyetaka hewa, kifuniko kilichobana vizuri ni kinga yake. Kuipindua chupa kichwa chini hakuongezi kitu, na mara nyengine hupitisha punje ya chakula kati ya mpira na mdomo wa kioo.

Kwa nini basi 11 zilivimba na 13 hazikuvimba? Tano zilizovuja zilikuwa na kosa la wazi. Chupa zilijazwa mpaka mdomoni, mbaazi zikatanuka motoni, maji yakasukumwa nje na vipande vya ganda vikabaki juu ya mdomo. Vifuniko vya zamani, ambavyo mpira wake ulikwisha kuchukua alama ya chupa ya kwanza, havikushika. Hewa na vijidudu vya nje viliingia. Zilizobaki kati ya hizo 11 zilivimbishwa na bakteria wanaotoa gesi. Lakini bakteria wengine wenye spora huchachusha chakula bila gesi, na kifuniko hubaki kimezama. Clostridium botulinum naye mara hutoa gesi na harufu mbaya, mara hatoi dalili yoyote ya kuonekana. Ndiyo maana macho, pua na ulimi si vipimo hapa. Mpishi wa Ramadhani aliyezoea kuonja chumvi kwa ncha ya ulimi na kutema aelewe kwamba kwa chupa ya namna hii hata ncha ya ulimi ni nyingi.

Kuhusu tui: chupa saba kati ya nane kuharibika si bahati mbaya. Mchuzi mzito hausafirishi moto kama maji. Maji mepesi huzunguka kati ya punje na kupeleka joto ndani, mchuzi mzito hukaa pale pale, na mafuta huzikinga spora zaidi. Hakuna muda uliothibitishwa wa kufungia chupa mbaazi za tui nyumbani, hata kwa presha. Tui hutiwa siku ya kula.

Swali la kuchemsha tena

Lilitokea pendekezo la kuzichemsha zile 13 dakika kumi kabla ya kula. Lina msingi: sumu, tofauti na spora, ni dhaifu mbele ya moto, na kuchemka dakika 10 kwenye usawa wa bahari huivunja. Lakini hiyo ni tahadhari ya ziada kwa chupa iliyofungwa kwa njia sahihi. Haiigeuzi chupa iliyofungwa vibaya kuwa chakula. Mtu anayefungua humwagikia mkononi, upawa huguswa, mtoto huchovya kidole kabla sufuria halijachemka, na mbaazi nzito huchemka pembeni wakati katikati bado vuguvugu. Kwa kilo mbili na kidogo za mbaazi, haistahili.

Bibi wa nyumba alisema kumwaga chakula ni israfu. Neno lake lilisikilizwa kwa heshima, na jibu alilopewa ni kwamba kilichomo ndani ya chupa hizo kimeshatoka katika hesabu ya chakula. Aliyekula sumu hii huanza kuona vitu viwili viwili, kope zinalegea, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunakuwa taabu, kisha udhaifu unashuka mabegani, mikononi, hadi kifua cha kuvutia pumzi. Homa kwa kawaida haipo na akili ni timamu. Mara nyingi huanza kati ya masaa 12 na 36, ingawa huweza kuchelewa siku kadhaa. Ni hospitali saa ile ile, na aeleweshwe daktari kwamba chakula cha chupa kililiwa, maana dawa ya kuikabili sumu huzuia isiendelee lakini hairudishi kilichokwisha kupooza.

Ingefanywaje

Kifaa ni sufuria ya presha ya kufungia chupa, kubwa ya kutosha chupa nne za lita moja zikiwa zimesimama, yenye kipimo cha mshale au cha uzito, yaani kile kidude kinachocheza juu ya tundu la mvuke. Preshakuka ya jikoni ya lita 5 au 7 haifai, hata kama chupa mbili zinaingia. Muda uliopimwa umehesabu na ule wa sufuria kubwa kupanda na kushuka taratibu. Preshakuka ndogo hupanda mbio na kupoa mbio, na chakula hukosa sehemu ya moto wake bila mtu kujua.

Kwa mbaazi kavu, kama kwa maharage yote makavu: gramu 340 kwa kila lita, yaani gramu 170 kwa chupa ya nusu lita. Loweka masaa 12 hadi 18 mahali pa ubaridi, mwaga maji, tia mapya, chemsha dakika 30. Magadi hapana. Jaza mbaazi na maji yake ya moto, acha sentimita 2.5 tupu juu, chumvi nusu kijiko cha chai ukipenda. Futa mdomo wa chupa kwa kitambaa safi. Kifuniko kiwe kipya, na pete yake inayokishika ikazwe kwa ncha za vidole tu ili hewa ipate kutoka.

Tia maji sentimita 5 hadi 7 chini ya sufuria, panga chupa juu ya kichanja, funga. Mvuke ukianza kutoka kwa nguvu, uache utoke dakika 10 kamili kabla ya kuweka uzito. Hatua hii huonekana kama kupoteza gesi, na wengi huiruka. Hewa ikibaki ndani ikachanganyika na mvuke, mshale utaonyesha presha sahihi wakati joto liko chini yake. Kisha dakika 75 kwa chupa za nusu lita, 90 kwa za lita, kwa paundi 10 za kipimo cha uzito au 11 za mshale. Presha ikishuka chini ya hapo hata mara moja, irudishe na uanze kuhesabu dakika upya tangu sifuri. Kwa sababu hiyo usianze kazi hii kwa mtungi wa gesi wa kilo 6 usioujua umebaki na nini.

Namba hizo ni za mahali palipo chini ya mita 300 kutoka usawa wa bahari. Pemba na Unguja hazina kilima kinachofika hata mita 150, kwa hiyo zinatosha kisiwa kizima. Aliye na ndugu Mbeya au Lushoto asibadilishane naye namba: kule juu uzito ni paundi 15.

Moto ukizimwa, sufuria ipoe yenyewe. Usiimwagie maji, usinyanyue uzito kuharakisha; chupa hutapika maji yake, na mtu huungua. Presha ikifika sifuri ondoa uzito, ngoja dakika 10, fungua kifuniko ukikielekeza mbali na uso. Chupa zikae juu ya kitambaa masaa 12 hadi 24 bila kuguswa.

Mboga nyengine, kwa presha hiyo hiyo na chupa za nusu lita: karoti dakika 25, bamia 25, maharage mabichi ya maganda 20, boga la vipande 55, mchicha na majani ya namna hiyo 70. Boga la kupondwa halifungwi kabisa, kwa sababu ile ile ya tui.

Chupa za mayonesi zinaweza kupasuka kwenye presha na vifuniko vyake ni vya kutumika mara moja. Kabla ya kununua sufuria, ulizia kwanza upatikanaji wa vifuniko vipya. Sufuria bila vifuniko ni pambo la stoo.

Achari iliponaje

Haikupona kwa ufundi wa kufunga. Embe mbichi ni kali yenyewe, ndimu na siki zikaiongezea, na pH ikawa chini kabisa ya 4.6. Spora zimo, na zitaendelea kulala. Maji yanayochemka yanatosha hapo kwa sababu kazi iliyobaki ni kuua chachu, ukungu na bakteria laini.

Mboga isiyo kali inaweza kupitishwa mlango huo huo, mradi kipimo cha siki kisiguswe. Kwa maharage mabichi ya maganda kilo 1.8: siki ya asilimia 5 lita 1, maji lita 1, chumvi nusu kikombe, pilipili na thomu kwa kupenda. Mchanganyiko uchemke, umiminwe juu ya maharage yaliyosimamishwa ndani ya chupa za nusu lita, acha sentimita 1.25 juu, chemsha chupa ndani ya maji dakika 10. Soma kibandiko cha siki. Iliyo chini ya asilimia 5 haitumiki hapa. Wala usiipunguze kwa kuwa ni kali mdomoni. Tia sukari badala yake.

Kilichoamuliwa

Kwa nyumba ya Wete, sufuria ya presha haikuwa na hoja. Mbaazi kavu tayari ni akiba, na walichokuwa wakikihifadhi hasa ni ule muda wa kupika. Mbaazi mpya zilikaushwa juani mpaka zikavunjika kwa jino, zikafungwa ndani ya mifuko ya plastiki ya tabaka mbili iliyokamuliwa hewa, fukusi wasipate pa kupumua. Preshakuka waliyonayo, isiyofaa kwa chupa, huivisha mbaazi iliyolowekwa kwa muda wa robo saa tu. Sehemu nyengine ilipikwa kwa maji na chumvi, ikagandishwa kwenye friza kwa vifuko vya mlo mmoja mmoja. Umeme wa Pemba unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu 2010, na waliokuwepo Unguja katika miezi ya giza ya Disemba 2009 hadi Machi 2010 wanajua kwa nini akiba yote isiwekwe ndani ya friza. Ikijaa na isifunguliwe, hushikilia barafu kiasi cha siku mbili. Ikiwa nusu, siku moja.

Chupa zenyewe ziliondolewa hivi. Zile 13 na nne zilizovimba hazikufunguliwa: zilitiwa ndani ya mifuko miwili miwili minene, ikafungwa. Zilizovuja na ile iliyofunguliwa ziliingizwa na vifuniko vyake ndani ya sufuria, maji sentimita 2.5 juu yake, zikachemka dakika 30, na aliyezishika alivaa glavu. Pale palipopasukia chupa palimwagiwa klorini ya kufulia, kipimo kimoja kwa vitano vya maji kwa iliyoandikwa asilimia 5 au 6, na kwa iliyoandikwa asilimia 3.5 maji huwa vipimo vitatu. Ilikaa dakika 30 ndipo pakafutwa, na kitambaa kikaenda pamoja na chupa. Shimo lilichimbwa mbali na kisima, refu kufika kiunoni. Kuku akila chakula chenye sumu hii shingo humlegea akafa, na wa jirani wanaparua kila mahali, kwa hiyo juu ya udongo paliwekwa jiwe.